Papa Mwizi wa Treni

Mwezi uliopita nilipangiwa mzee mpya kule Auderghem, bibi wa miaka tisini na kitu anayeishi na paka wake tu. Kazi yangu ndiyo hiyo: kuwaogesha wazee, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwapikia supu na kuwasikiliza. Nilipofungua mlango wa jikoni mwake, moshi wa makaa ya mawe ukanipiga usoni. Bibi yule bado anapasha nyumba moto kwa stovu ya chuma ya zamani, na asubuhi hiyo ilikuwa imekataa kuvuta vizuri. Nikasimama pale mlangoni, mkoba begani, baridi ikiingia nyuma yangu.

"Funga mlango, madame," akaniambia. "Unampasha moto nani huko nje?"

Nikaufunga. Lakini siku nzima, nikimkata kucha na kumchemshia viazi, kichwani nilikuwa na miaka minane tena, nimevaa buti za mpira zilizonizidi, na babangu alikuwa mwizi.

Tulikaa Koekelberg wakati huo, ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni likitazama kuba ya kijani ya Basilika. Mama alitandika vitanda katika hoteli moja mjini, Jumamosi ikiwamo. Papa alisafisha ofisi upande wa pili kabisa wa Brussels, Auderghem, mahali ambapo laini ya metro inaishia na msitu unaanza. Aliondoka kabla hatujaamka, akarudi mchana, akala akitazama sahani yake.

Si kwamba alikuwa hivyo tangu zamani. Kwetu Likasi, Papa alikuwa mtu wa treni. Aliingia kazini kijana mbichi, akaanza kwa kutia makaa kwenye injini za mvuke zilizokuwa zimebaki, na miaka ilivyokwenda wakampa kiti cha dereva. Kule wanamwita dereva wa treni kwa Kifaransa, mécanicien, na watu walimsalimu Papa kwa cheo hicho hata sokoni. Mimi mwenyewe nakumbuka kidogo tu: mabega yake mapana, na wanaume wakivua kofia. Halafu mambo ya nchi yakaharibika, tukaja Ubelgiji, na huku Papa akawa mtu wa ndoo na kitambaa. Alikwenda mara mbili kuomba kazi ya treni. Mara zote mbili walimwambia makaratasi yake hayatambuliwi. Hakwenda mara ya tatu.

Asubuhi moja, akitoka ofisini, alikata njia kupitia bustani kubwa ya umma iliyo karibu na msitu, akasikia nyundo ikigonga chuma. Aliniambia baadaye kwamba mtu wa reli hawezi kuuchanganya mlio huo na mwingine wowote. Akaufuata. Nyuma ya bwawa la bata alikuta watu sita, karibu wote wazee, wamevaa makoti ya mvua, wanalaza reli. Reli nyembamba kabisa, sentimita sitini toka chuma hadi chuma. Mtoto aliweza kusimama katikati na kugusa pande zote mbili kwa miguu yake.

Papa aliitazama kona waliyokuwa wanaifunga. "Hapa itaanguka," akawaambia.

Mzee mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku akainua kichwa. Huyo alikuwa Monsieur Armand, fundi wa tramu mstaafu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. "Na wewe ni nani, bwana?"

"Kwenye kona lazima mpanue kidogo. Mkiacha upana ule ule wa kwenye mstari ulionyooka, gurudumu litapanda juu ya reli."

Monsieur Armand alimshukuru kwa adabu, kisha wakaendelea vile vile. Papa hakubishana. Aliketi kwenye benchi akasubiri. Baada ya nusu saa walisukuma kigari kitupu kujaribu, na pale pale kwenye kona kikapanda reli na kulala ubavu kwenye majani. Monsieur Armand akavua miwani, akaifuta, akaenda mpaka kwenye benchi.

"Wewe ni nani?" akauliza tena, na safari hii aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Siku hiyo Papa alirudi nyumbani na tope mpaka magotini, akiimba. Mama alikuwa anakaanga samaki.

"Nimepata bantu ya treni," Papa akasema kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ambamo watu ni bantu na kanisa ni église. "Banajenga chemin de fer mu parc. Samedi nitaenda kubasaidia."

"Banakulipa?"

"Hapana. Niko bénévole."

"Bénévole!" Mama aligeuka na mwiko mkononi. "Muntu mukubwa, baba ya mutoto, anaenda kuwa bénévole! Bon. Ila ku église usisemee muntu. Batatucheka."

Nilikuwa mezani na daftari langu. Kifaransa changu kilikuwa bado kichanga. Kila siku nilirudi nyumbani na maneno mapya kichwani nikiyapanga kama vifuniko vya chupa. Na wiki ile ile mtoto mmoja darasani alikuwa ameiba kichongeo cha mwenzake, mwalimu akamsimamisha mbele, na wote tukajifunza familia nzima ya neno: vol, voler, voleur. Wizi, kuiba, mwizi. Kwa hiyo nusu ya pili ya neno la Papa niliielewa papo hapo. Nusu ya kwanza ilinichukua muda kidogo, mpaka nilipokumbuka bénédiction ya kanisani, baraka. Basi. Bénévole ni mwizi aliyebarikiwa. Na Mama alikuwa na haki ya kuona haya.

Jumamosi iliyofuata Mama alikwenda hotelini, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunitazama, Papa akanichukua. Nilitegemea kuona bustani. Badala yake tulipanda lori, Papa, mimi na Monsieur Armand kiti cha mbele, wengine nyuma, tukatoka nje ya mji mpaka kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa. Madirisha yamevunjika, magugu mpaka kiunoni, lango lina mnyororo. Monsieur Armand akapapasa mifuko yote, akasema ufunguo aliopewa ameusahau nyumbani. Kisha akachukua koleo kubwa la kukatia chuma, akaukata mnyororo: kwacha!

Walianza kuondoa reli ardhini, wakizibeba wanne wanne, wakihema. Papa ndiye aliyewahesabia hatua: "Un, deux, inua! Un, deux, shusha!" Wazungu wazee wakamfuata kama askari. Monsieur Armand alikuwa anatazama barabarani kila mara. "Haraka, haraka," akasema, "kabla mwenyewe hajabadili mawazo." Mwenye kiwanda alikuwa amewapa chuma chote kile bure, lakini hilo mimi nilikuja kulijua baadaye. Mimi niliona genge linafanya kazi yake mchana kweupe. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na nilifurahi hivyo hivyo. Nilipanda juu ya rundo la matofali nikawa mlinzi, ingawa hakuna aliyenituma, nikitafuta polisi kila upande.

Na pale ndani ya banda, chini ya turubai lililojaa kinyesi cha njiwa, walikuwa wameificha injini yenyewe. Ndogo, nyeusi, ina kutu, bomba lake la moshi limepinda kidogo. Papa aliingia akavua kofia. Aliizunguka taratibu, akapitisha mkono kwenye boila kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Akafungua kijimlango cha tanuru, akaingiza kichwa chote ndani, na sauti yake ikatoka kwa mbali, yenye mwangwi:

"Nana! Kuya uone! Hii iko mzima!"

Akachomoa kichwa. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi na alikuwa anacheka meno yote nje. Nilikuwa sijaona meno ya nyuma ya babangu tangu tushuke kwenye ndege.

Toka siku hiyo sikuhitaji kuamshwa Jumamosi. Nilisimama mlangoni na buti zangu kabla Papa hajanywa chai. Metro kutoka Simonis ilitupeleka moja kwa moja mpaka mwisho wa laini, na njia nzima Papa alinieleza mambo ya boila, ya breki, ya jinsi moto mzuri unavyopaswa kuwa mwembamba na mweupe. Bustanini nilipewa brashi ya waya nikasugua kutu. Nilijifunza kwamba vipande vya mbao chini ya reli vinaitwa mataruma na kwamba ukivilaza ovyo treni inalewa.

Wakati wa mapumziko Monsieur Armand alinisimulia historia. Alipokuwa mdogo kama mimi, treni ndogo ilizunguka bustani ile ile, na mamake alimpandisha kila akipata alama nzuri shuleni. Baada ya vita, wakubwa wa mji waling'oa reli wakapanda nyasi. "Waliichukua," akasema, na mikono yake ikaonyesha utupu. Alipostaafu alianza kutembea bustanini kila siku, akagundua kwamba pale ilipopita njia ya zamani nyasi zilikuwa na kijani kingine. Aliufuata mkanda ule wa kijani mpaka akauzunguka wote. Akaanza kuwaonyesha watu. Mkutubi mmoja mstaafu akamtafutia ramani, muuza magazeti akaleta lori lake, na hivyo hivyo wakawa sita, na Papa wa saba. Komini, yaani serikali ya mtaa, iliwapa miaka miwili na sharti moja: siku ya mwisho atakuja mkaguzi, na treni lazima izunguke mara tatu ikiwa imejaa, ipande kile kilima cha nyuma ya bwawa bila kukwama, isimame inapoambiwa. Ikishindwa, reli zinang'olewa, nyasi zinarudi.

Kwangu mambo yalikuwa yamenyooka kabisa. Wengine waliiba treni ya Monsieur Armand. Sasa yeye na Papa wanaiiba kuirudisha. Ila dhambi ni dhambi, hilo nilifundishwa, na jinsi siku ya mkaguzi ilivyokaribia, nilianza kulala vibaya. Mkaguzi kwangu alikuwa polisi. Ataiangalia injini, atauliza imetoka wapi, na Papa ataondoka amefungwa pingu mbele ya bata.

Ndiyo maana Ijumaa ya mwisho, kwenye kikundi cha sala cha wamama kule Molenbeek, nikanyoosha mkono. Kanisa letu lilikuwa ukumbi mdogo nyuma ya duka la mazulia, na Ijumaa jioni Maman Odette, mke wa mchungaji, aliwauliza watoto nao kama wana jambo la kuombewa. Mama hakuwapo siku hiyo. Alikuwa na zamu.

"Sema, Nana, mutoto wangu," akaniambia.

Nikasimama. "Tuombee papa. Iko mwizi ya treni."

Mtu mmoja akaacha kumtikisa mtoto wake.

"Mwizi ya nini?" Maman Odette akauliza, polepole.

"Ya treni. Iko na bazungu sita. Inabaki tu kidogo, bamesha kuiba reli zote. Kesho banawasha moto, na polisi anakuya."

Maman Odette alikuwa mwanamke mpana, na hakuwa mtu wa kungoja. Alifunga macho akaomba kwa ufupi sana. Kisha akafungua macho na kusema: "Bon. Kesho saa ngapi, na wapi?"

Siku ya pili ilikuwa na manyunyu. Bustani tupu, miti inadondosha maji. Lakini injini! Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, shaba yake imesuguliwa inang'aa, na mvuke ulitoka ubavuni mwake kwa pumzi fupi fupi. Papa aliwasha moto tangu alfajiri. Nyuma yake yalisimama mabehewa matano ya wazi, ya mbao, yenye mabenchi. Mkaguzi naye alikuwa amefika, kijana mrefu mwenye koti la kijivu na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa na pingu, nilikagua mikono yake yote miwili.

Tatizo lilikuwa jingine kabisa. Treni ilitakiwa kujaa. Mjenzi mmoja aliahidi kuleta mifuko ya mchanga ikae kwenye mabenchi badala ya watu, na lori lake halikutokea. Monsieur Armand alikimbia huku na huku akitafuta watembeaji. Alipata mwanamume mmoja na mbwa wake. Mkaguzi alitazama saa.

"Nina kazi nyingine saa tisa," akasema. "Samahani. Bila uzito hakuna jaribio."

Ndipo nilipoyaona makoti na miavuli. Yalitokea upande wa lango, mstari mrefu, na chini ya miavuli vitenge vya bluu na njano vya kwaya, vyote sare, kwa sababu jioni walikuwa na arusi ya kuimbia. Watu kama arobaini. Mbele alitembea Maman Odette, na kando yake Mama, bado amevaa viatu vyeupe vya hotelini. Maman Odette alikuwa amemngojea kwenye mlango wa kazi.

"Baba Nana!" Mama alipaza sauti kutoka mbali. "Iko wapi bintu muliiba?"

Papa alishuka kwenye injini na koleo la makaa mkononi. "Tuliiba nini?"

"Mutoto amesema mbele ya église yote! Weye na aba bazungu, muko bezi!"

Papa alinigeukia. Monsieur Armand, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliuliza kwa Kifaransa mabibi wale wanasema nini. Papa akamtafsiria, na yule mzee masharubu yakamtetemeka. "Mwizi? Kwa nini mwizi?"

Nilikuwa nalia tayari. "Yeye mwenyewe alisema," nikajibu. "Alisema iko bénévole."

Mwanakwaya mmoja, kaka aliyesoma chuo, akapasuka kwa kicheko, akainama akashika magoti, akawaeleza wengine kwa vipande: voleur ni mwizi, bénévole ni mtu wa kujitolea, mama yangu, mutoto! Kicheko kikapita kwenye miavuli yote. Papa aliketi juu ya reli akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi. Mkaguzi pia alitabasamu kidogo akageukia upande wa bata. Mama peke yake hakucheka. Alisimama akiitazama injini, rangi yake, shaba yake, mabehewa matano, reli zinazopotea nyuma ya miti. Nadhani alikuwa amefikiri miezi yote ile kwamba mumewe anakwenda kucheza na vyuma chakavu.

Monsieur Armand ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Nilimwona akihesabu watu kwa kidole. Akamwendea Maman Odette, akavua kofia, akamuuliza kwa heshima zote: "Madame, niwie radhi, mna uzito gani, kwa jumla?"

"Anauliza nini?" Maman Odette akamgeukia Papa, maana mvua na miavuli vilimziba masikio.

Papa alifikiri haraka. "Anabaomba mupande," akajibu.

Wakapanda! Wakapanda wakisukumana na kupiga kelele, wanane kwenye kila behewa, vitenge vikikusanywa, mwanamume na mbwa wake katikati yao, mimi nimebanwa ubavuni mwa Maman Odette. Monsieur Armand alikaa kwenye kiti cha dereva kwa kuwa ndiye mwenye cheti, na Papa kwenye makaa. Filimbi ililia, ng'ombe wa mbali wangesikia, na treni ikaondoka. Sikujua kwamba kitu kidogo vile kinaweza kutikisa ardhi. Mzunguko wa kwanza ulianza bustani nzima ikipita pembeni mwetu, mabwawa, mabenchi, mtu mmoja mwenye baiskeli aliyesimama mdomo wazi.

Kisha kilima. Magurudumu yalikanyaga reli zilizolowa, yakazunguka mahali pamoja, yakapiga kelele. Injini ikatetemeka yote. Monsieur Armand akazidisha mvuke na magurudumu yakazidi kuzunguka bure. Tukasimama. Kisha, polepole, nikahisi behewa linarudi nyuma.

"Breki!" Papa alisema. Monsieur Armand alifunga breki. Yeye alikuwa mtu wa umeme, mtu wa tramu. Aliteremka kwenye kiti bila kuombwa.

"Kaa wewe," akamwambia Papa. "Mimi nitatia makaa."

"Mchanga," Papa akasema. "Kisanduku cha mchanga?"

Kilikuwa kitupu. Kilipakwa rangi mpaka ndani kikasahauliwa. Mkaguzi alikuja akitembea kando ya reli. Alisema mzigo ukishuka jaribio limekwisha. Papa alitazama mbele, nyuma, kisha akatazama uwanja wa watoto hatua hamsini kutoka pale, wenye kibanda cha mbao, na chini ya paa la kibanda mchanga mkavu wa kuchezea.

Kabla hajafungua mdomo Mama alikuwa ameshashuka. "Abiria mmoja hapunguzi kitu," mkaguzi akasema, kama anajisemea mwenyewe. Mama alikimbia na viatu vyake vyeupe, akavua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakijaza mchanga, akarudi amekikumbatia tumboni kama mtu aliyebeba mtoto.

"Juu ya chuma," Papa akamwambia akiwa ameinama dirishani. "Hapana pembeni. Kidogo kidogo, sawa chumvi."

"Weye unanifundisha chumvi?" Mama akamjibu.

Aliinama mbele ya injini, akaenda kinyumenyume akinyunyiza, reli hii kisha ile, mvua ikimlowesha nywele alizosuka kwa ajili ya arusi. Papa aliachia breki. Alifungua mvuke taratibu, pungufu kabisa, mkono wake wa kushoto ukisikiliza chuma. Gurudumu likashika. Puu. Tukasogea kiasi cha kiganja. Puu. Mtu mmoja behewa la nyuma akaanza wimbo wa kwaya na wote arobaini wakauingia, sauti zote nne, kwa nguvu kama kwamba wao ndio waliokuwa wakisukuma, na Mama akiendelea kurudi nyuma mbele yetu, mkono wake ukipanda na kushuka, mpaka injini ilipofika juu na kupumua.

Tulizunguka mara tatu. Mara tatu alipanda kilima kwa miguu mbele ya treni. Tulisimama pale mkaguzi alipoinua mkono, si kidole zaidi.

Mkaguzi alijaza karatasi juu ya mgongo wa benchi. "Jina la dereva?"

Monsieur Armand alimwonyesha Papa, na mkaguzi hakuuliza cheti.

"Kazi yake?"

Papa alifungua mdomo. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimemsikia akikisema kwenye kila dirisha la ofisi, kwa sauti ya chini: nettoyeur, mtu wa usafi. Lakini Mama alikuwa karibu, amelowa, mchanga mpaka viwikoni.

"Mécanicien," akasema Mama. "Andika, monsieur. Mécanicien wa treni."

Mkaguzi akaandika.

Treni ile ilifunguliwa majira yaliyofuata, na Papa akaiendesha kila Jumapili ya jua mpaka alipozeeka. Alifanya mtihani wa boila, akapata cheti cha huku, akawafundisha vijana wengi, akina Pieter na akina Rachid, kutia moto mwembamba na mweupe. Ofisi aliendelea kusafisha. Treni za taifa hazikumwita kamwe, na alikuja kuacha kuzingoja.

Lakini jioni ile yenyewe tulirudi na metro, sisi watatu, tumeketi tukitazamana. Mama alikuwa ameshikilia kitenge kilicholowa mapajani. Papa alinitazama kwa muda mrefu.

"Nana. Miezi yote ile ulikuwa unazani niko mwizi?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kila samedi ulikuwa unaamuka mbele yangu, unavaa buti."

"Ndiyo."

"Haukuogopa?"

"Niliogopa sana."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakuya?"

Nilimtazama Mama kwanza, maana sikujua kama jambo hilo linasemwa. "Sababu kule unacheka," nikamwambia. "Ku nyumba hauchekake."

Papa alikuwa anatazama mikono yake. Mama alikung'uta mchanga kwenye kitenge, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kesho kisha église," akasema, bila kumwangalia mtu, "tunarudi. Bantu bote bamepanda ile treni yako. Mbwa amepanda. Miye njo sijazunguka hata mara moja."

Papa akainua kichwa. Akaanza kucheka mle ndani, mbele ya watu wote, na Mama akampiga begani anyamaze, na hakunyamaza mpaka Simonis.